Neno Kiherehere na Matumizi Yake Nyumbani

Maneno ya Kiswahili yanayotaja msisimko wa moyo ni mengi, na kila moja lina mahali pake. Twasema fulani ana shauku, maana yake anakitamani kitu na kukingojea. Twasema ana hamasa, na hapo twamsifu. Twasema amepandwa na jazba, na hapo twamwogopa kidogo. Vijana wa siku hizi wamezidisha mchecheto na mzuka, na hili la pili wazee wengi hawalipendi, kwa kuwa wao wakisikia mzuka hukumbuka pepo atokeaye njiani usiku. Lakini katika maneno hayo yote, lile ambalo mtoto hulisikia nyumbani kabla hajalijua jingine ni kiherehere. Wala hapana, kwa maoni yetu, neno linalotumiwa ovyo kuliko hilo. Twapenda kulitazama kwa mifano ya Kakese, kata ya wakulima wa mpunga katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Huko, kama kila mahali panaposemwa Kiswahili, halipiti juma bila mtu kuambiwa anacho.

Shauku, hamasa na jazba tumezipata katika Kiarabu. Jazba asili yake ni kuvutwa, kana kwamba mtu amekokotwa na nguvu asiyoiona. Kiherehere kina umbo la Kibantu, na umbo lenyewe lafaa kuangaliwa. Kuna maneno yanayoanza na ki- na kurudia silabi zake, ambayo hutaja mambo yanayoushika mwili wa mtu bila yeye kutaka: kizunguzungu, kichefuchefu, hata kipindupindu. Kule kurudia silabi kwaonyesha jambo lisilotulia, linalokwenda na kurudi. Kiherehere kimewekwa katika safu hiyo ya maradhi. Twasema ana kiherehere kama tunavyosema ana homa. Twasema kimemshika, kimempanda, kimemponza. Hatusemi amekichagua.

Na ndivyo neno lilivyokuwa hapo zamani. Kamusi za zamani, zilizotungwa na wageni walioyasikiliza maneno ya watu wa pwani, zilieleza kiherehere kuwa ni wasiwasi na fadhaa, na zikataja kiherehere cha moyo, yaani moyo kupiga mbio kwa hofu au kwa furaha. Mama anayemngojea mwanawe arudi safarini alikuwa na kiherehere. Bwana arusi alikuwa nacho, na mshitakiwa mbele ya kadhi alikuwa nacho pia. Haikuwa aibu, ilikuwa khabari ya moyo tu.

Leo maana imehama kutoka moyoni ikaingia katika miguu na ulimi. Mwenye kiherehere ni yule anayekimbilia jambo lisilomhusu, anayejibu kabla hajaulizwa, anayebeba mzigo ambao hakutumwa. Hapo neno limekaribiana mno na kimbelembele, hata wengi huyatumia yote mawili kwa maana moja. Sisi twaona tofauti ingalipo. Kimbelembele chatokana na mbele: mwenye nacho ataka aonekane. Mwenye kiherehere huenda hataki kuonekana hata kidogo. Moyo wake tu haukai. Wa kwanza aadhibiwe ukipenda, lakini wa pili apewe kiti na maji ya kunywa.

Maneno huhama maana katika kila lugha, wala hatulii kwa hilo. Tunalolitilia shaka ni watu ambao huambiwa neno hili. Mtoto wa miaka saba akimwuliza baba yake mpunga utauzwa kwa bei gani mwaka huu, huambiwa, "Una kiherehere wewe!" Binti akisema angependa kuendelea na masomo, shangazi humwambia ana kiherehere cha mjini. Mke akiuliza fedha za magunia yale zilitumikaje, naye hukipata chake. Lakini baba mwenyewe akiamka asubuhi akanunua pikipiki kwa mkopo bila kumwambia mtu, husikii neno hilo likitajwa. Huyo husemwa ni mtu wa maamuzi.

Turudi Kakese, maana huko jambo hili lina gharama inayohesabika. Eneo la Mpanda lina msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba hivi hadi Aprili. Mpunga hupandwa mvua zinapokolea, na mavuno makubwa huja Mei na Juni. Basi Januari hadi Machi ndiyo miezi mizito: ghala limepungua, shule zimefunguliwa, madaftari na sare vyatakiwa, na mpunga shambani ungali majani matupu. Wakati huo ndipo mnunuzi hufika. Hutoa fedha taslimu leo, na magunia atayachukua mavuno yakifika. Tuchukue mfano, si bei ya soko: gunia ambalo Juni lingeuzwa shilingi 70,000, yeye hulinunua sasa kwa 30,000. Mwenye kuuza magunia kumi kwa namna hiyo ameacha shilingi 400,000 shambani kabla suke moja halijachanua. Na Juni, mnunuzi akija na gunia lililoshonewa kilemba juu, lile liitwalo lumbesa, hasara yaongezeka tena.

Hatusemi kwamba kila auzaye hivyo ana kiherehere. Mwenye mgonjwa ndani, au ambaye chungu chake hakijapanda jikoni tangu jana, huyo ana dharura, na dharura ina jina lake. Lakini wapo, nao si wachache, waliouza kwa sababu jirani ameuza, au kwa sababu noti zilionyeshwa mezani na moyo ukaanza kupiga. Hicho ndicho kiherehere khasa, kile cha zamani cha moyo na hiki cha leo cha miguu, vyote viwili kwa pamoja. Na ajabu ni kwamba hapo hapana amwambiaye mzee wa nyumba neno hilo. Jambo lake huitwa biashara.

Jambo hili si geni. Watu wa Madina walikuwa wakilipana fedha kwa matunda ya mwaka mmoja au miwili ijayo, na Mtume Muhammad (s.a.w.) aliagiza kwamba mwenye kulipa mbele alipe kwa kipimo kinachojulikana, kwa uzani unaojulikana, na hadi muda unaojulikana. Kadhalika alikataza kuuza matunda mtini kabla hayajaonyesha kwamba yatakuwa mazuri, na katazo hilo lilimhusu muuzaji na mnunuzi pia. Msomaji aangalie kwamba lumbesa haimo katika kipimo kinachojulikana. Mnunuzi mwenye haraka na muuzaji mwenye haraka wote wawili waliambiwa wangoje.

Kuna kiherehere kingine cha mpunga, nacho twakitaja upesi kwa kuwa wakulima wanakijua kuliko sisi. Mpunga wafaa kukatwa punje za suke, kiasi cha nane katika kila kumi au zaidi, zikiwa zimegeuka rangi ya dhahabu. Ukikatwa mapema, punje za kijani huwa laini na nyeupe kama chaki. Ukikobolewa kabla haujakauka vizuri, unyevu ukiwa umezidi sana sehemu 14 katika 100, punje hukatika mashineni, ukapata chenga nyingi na mchele mzima kidogo. Na chenga huuzwa kwa bei ya chini hata kama zimetoka katika mbegu bora ya mkoa mzima. Kungoja kupita kiasi nako kuna hasara yake, maana punje hupasuka na kudondoka chini. Kwa hiyo asiyekwenda shambani kutazama kila siku si mvumilivu, ni mvivu.

Sasa, katika nyumba kama hiyo, ni nani aliyekuwa na kiherehere? Mtoto aliyeuliza bei aliuliza jambo linalomhusu, kwa kuwa viatu vyake vya shule vimo ndani ya bei hiyo. Mama aliyeuliza khabari ya magunia aliuliza hesabu ya chakula chake mwenyewe. Yafaa wajibiwe kwa tarakimu. Na kijana aliyemaliza shule akasema baba angoje hadi Juni, asiambiwe kwamba anawafundisha wakubwa. Pengine amepiga hesabu ileile tuliyoipiga hapo juu, kwa kijiti, juu ya mchanga wa uani.

Maana ya zamani haikufa. Juni ikifika, mwanamke aliyepalilia mpunga tangu ungali nyasi husimama mbele ya mashine ya kukoboa, ungo mkononi, akingoja kuona kama zitatoka punje nzima au chenga, na huweza kumwambia mwenzake wa nyuma, "Moyo wangu una kiherehere, dada." Na yule wa nyuma hamcheki, kwa kuwa gunia lake ndilo linalofuata.