Kigae Ulichokiokota Shambani Kinasema Nini?

Msimu wa kulima, jembe hugonga vitu vingi: mawe, mizizi, na mara nyingine kigae cha chungu chenye mistari. Wengi wetu hukitupa kwenye mpaka wa shamba na kuendelea na kazi. Katika makala haya tunaeleza kwa nini ni vizuri kukitazama kwanza.

Mbao huoza, ngozi huoza, nyasi za paa huoza. Udongo uliochomwa hauozi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya habari za watu walioishi kando ya Ziwa Victoria kabla ya maandishi inasomwa kwenye vigae, na hasa kwenye nakshi zake. Wataalamu wa mambo ya kale hutofautisha aina kuu tatu.

Ya kwanza huitwa Kansyore, jina la kisiwa kilichopo Mto Kagera. Ni vyungu vya wavuvi na wawindaji, vilivyotengenezwa maelfu ya miaka kabla ya kilimo kufika huku. Mara nyingi vilijazwa alama za vitone na vijistari karibu chombo kizima.

Ya pili ni Urewe, jina la mahali katika eneo la Siaya, Kenya. Ilianza takriban miaka 2,500 iliyopita. Mdomo wa chungu umekatwa pande bapa, shingo ina mistari inayokatizana, na chini yake kuna mistari iliyopinda. Baadhi vina kibonyo kwenye kitako, kama alama ya kidole gumba. Huko Katuruka, mkoani Kagera, vigae vya Urewe vilipatikana pamoja na mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma.

Ya tatu ilienea baadaye, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mfinyanzi alisokota kamba au nyasi na kuiviringisha juu ya udongo mbichi, ikaacha alama zake.

Hapa kwetu Mwanza, watafiti Soper na Golden walichapisha mwaka 1969 ripoti ya uchunguzi wao mkoani. Kansyore na Urewe zote zimo.

Nakshi hizi zote huwekwa kabla ya kuchoma. Wafinyanzi wa Korea, enzi za ufalme wa Goryeo (918–1392), walifanya vivyo hivyo: walichonga ndege na maua kwenye udongo, wakajaza michoro kwa udongo mweupe, kisha wakakipaka chombo kimiminika kilichogeuka kioo cha kijani motoni. Tofauti kubwa ni moto. Tanuri zao zilifika nyuzi joto 1,200 hivi, chombo kikawa kigumu kama jiwe na kisichopenyeza maji. Chungu chetu huchomwa mahali pa wazi kwa kuni na nyasi, kwa kawaida chini ya nyuzi 900. Hubaki na vitundu vidogo sana. Ndiyo maana mtungi hutoa jasho na maji yake huwa ya baridi. Ndiyo maana pia kigae cha kale hulika haraka kikisuguliwa.

Basi ukikuta vigae vingi pamoja, hasa penye majivu, mifupa au mavi ya chuma, fanya hivi:

Simamisha kuchimba hapo. Usivisugue wala kuvihamisha, kwa sababu kigae kikiondolewa mahali pake hupoteza nusu ya ushahidi.

Piga picha kwa simu, ukiweka sarafu kando ili ukubwa uonekane.

Mweleze mtendaji wa kijiji, ili habari zifike halmashauri.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu nchini kabla ya mwaka 1863. Lakini sheria haipo shambani asubuhi; wewe ndiye uliyepo. Lori moja la mchanga likishapakiwa, habari za kijiji kizima cha kale zinaweza kwenda nalo, na hakuna atakayejua zilikuwepo.