Nyuki wanatufundisha kupanda migomba

Wandugu walimaji, muangalie sega la nyuki: kila tundu iko na pembe 6, na matundu 6 yanaizunguka. Mwaka 1999 mwanahesabu wa Marekani, Thomas Hales, alihakikisha kwamba hakuna namna ingine ya kugawanya eneo sawasawa kwa kuta fupi kuliko hiyo. Nyuki anaokoa nta. Sisi tutaokoa shamba.

Wengi wetu tunapanda migomba kwa mraba, mita 3 kwa 3: hektari inabeba karibu 1.110. Tukipanda kwa pembetatu, kila mgomba uko na majirani 6, wote kwa mita 3, na mistari inaachana mita 2,60. Hektari ileile inabeba karibu 1.280.

Namna ya kupima: muunge kamba ya mita 9 ncha kwa ncha, mutie fundo kila mita 3, watu watatu wavute kwenye mafundo. Mstari wa kwanza upite ubavuni mwa kilima, usishuke nacho. Hivyo kila nafasi ya juu inakuta mgomba chini yake. Maji ya mvua inakosa njia ya kushuka moja kwa moja na kubeba udongo.

Lakini migomba mingi inakula mingi. Kama samadi haitoshi, mubaki na mraba.