Fahamu: Skana gani nafuu inafaa kwa negativu kubwa?

Vita vilipofika mji wa Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Machi 2025, familia nyingi za eneo hilo zilikuwa zimeshakimbia. Nyumba ikiungua, picha nazo huteketea. Kwa familia, parokia au studio yenye negativu za zamani, nakala ya kidijitali ni kinga.

Skana ya kawaida inatosha?
Hapana. Skana ya ofisini humulika karatasi kutoka chini. Negativu huhitaji mwanga unaoipenya kutoka kwenye kifuniko.

Ninunue ipi?
Angalia ukubwa wa eneo linalomulikwa. Epson V600 ni nafuu, lakini haitoshi kwa negativu ya inchi 4 kwa 5. Epson 4990, V700, V800 na V850 hufika inchi 8 kwa 10. V700 ya mtumba ndiyo chaguo la busara. Kama unategemea umeme wa jua, V800 hutumia taa ya LED isiyohitaji kupashwa moto.

Namba kubwa za dpi (nukta kwa inchi) zina maana?
Si sana. Kwa dpi 2400, negativu ya 4 kwa 5 hutoa pikseli milioni 115, zinazotosha bango la ukutani.

Kabla ya kulipa
Washa taa ya kifuniko mbele ya muuzaji, kagua ukungu chini ya kioo, na dai fremu za kushikia filamu.

Ukimaliza kuskani, hifadhi nakala mbili, moja katika mji mwingine. Usizitupe negativu zenyewe.