Segunda si Jumapili: siku ya ibada, siku ya soko na shukrani ya kufika salama

MAKALOE, Cabo Delgado. Mfanyabiashara wa Mtwara akiambiwa na mwenyeji wake wa visiwa vya Quirimbas kwamba samaki wakavu watakuwa tayari segunda, asikimbilie kupakia mashua. Kwa Kireno neno hilo ni "ya pili", na sikio la Mswahili husikia Jumapili. Lakini segunda ni Jumatatu. Anayekosea hufika siku moja kabla, akalipia chakula cha mabaharia na kukaa bure pwani.

Kosa hilo hujirudia siku nne mfululizo. Terça, ya tatu, ni Jumanne. Quarta, ya nne, ni Jumatano. Quinta, ya tano, ni Alhamisi. Sexta, ya sita, ni Ijumaa. Sábado ni Jumamosi na domingo ni Jumapili. Tena saa za Msumbiji ziko nyuma ya za Tanzania kwa saa moja. Dawa ni kutaja tarehe, na kuuliza saa ni ya upande gani.

Tofauti hiyo imetokana na ibada. Mswahili huhesabu juma baada ya Ijumaa kwisha, ndiyo maana kesho yake ikaitwa Jumamosi, siku ya kwanza. Wayahudi huhesabu baada ya Sabato yao ya Jumamosi, kwa hiyo kwao siku ya kwanza ni Jumapili. Wareno walifuata hesabu hiyo ya pili kupitia kanisa, na jina sábado lenyewe limetokana na Sabato.

Biashara inasimama lini?

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika pwani hii, Ijumaa si siku nzima ya mapumziko. Sura ya Ijumaa katika Kurani inawaamuru waumini waache kuuza na kununua wito wa sala unapotolewa. Aya inayofuata inawaruhusu watawanyike kutafuta riziki sala ikishakwisha. Wanazuoni wa Kishafii, madhehebu yanayofuatwa na wengi hapa, wanasema anayewajibika kwa sala hiyo akiuza baada ya adhana ya imamu kukaa mimbarini amepata dhambi, ingawa mauzo yenyewe yanasimama. Kwa Wamaliki, mauzo hayo huvunjwa.

Swali gumu zaidi ni la safari. Kwa Washafii, aliyeko mjini kwake asianze safari Ijumaa baada ya alfajiri, ila kama ataikuta sala njiani, au kama kuachwa na wenzake kutamdhuru. Nahodha anayengoja maji kujaa analijua sharti hilo la mwisho. Aliyekwisha kuwa safarini tangu jana hana lawama. Safari ikiwa ndefu, kiasi cha kilomita 80 na zaidi, hupunguza sala za rakaa nne kuwa mbili. Lakini akinuia kukaa mji mmoja siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, anasali kama mwenyeji.

Sheria ya Kiyahudi ina swali lilelile, na hapo Sabato ni zuio la siku nzima. Inaanza Ijumaa jua linapozama. Muda wote huo hakuna kuuza, kununua, kuandika hati wala kuwasha moto. Inakwisha Jumamosi usiku nyota tatu zinapoonekana. Hapo jamaa hukusanyika kwa ibada iitwayo Havdala, yaani utenganisho: kikombe cha divai, viungo vya kunusa, na mshumaa wa kusokotwa wenye tambi nyingi. Baada yake kazi za juma zinaanza.

Wanazuoni wao wa zamani walikataza kupanda chombo cha baharini katika siku tatu kabla ya Sabato, isipokuwa kwa safari ya jambo jema la dini. Baadhi ya waliofuata walisema kutafuta riziki kunahesabiwa humo. Mwenye biashara na Wayahudi wa Nairobi, au na Abayudaya wa Mbale, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, ajue kwamba simu ya Jumamosi mchana huenda isipokewe. Hiyo si dharau.

Waliovuka salama

Dini hizi mbili zinakutana pia pale chombo kinapotia nanga. Kwa Wayahudi, watu wanne wanatakiwa kumshukuru Mungu hadharani: aliyevuka bahari, aliyevuka jangwa, mgonjwa aliyepona na mfungwa aliyeachiwa. Baraka hiyo, Hagomel, husemwa mbele ya watu kumi, nao humjibu kwa kumtakia heri. Haifai kuisema peke yako chumbani.

Kwa Waislamu, Mtume alipokuwa akirudi safarini alianzia msikitini, akasali rakaa mbili, ndipo akaonana na watu. Ipo pia sijida ya shukrani kwa aliyeepushwa na balaa, na karamu ya kurudi kwa msafiri, ambayo hulishwa jirani na maskini.

Katika maji haya shukrani hiyo ina uzito. Kimbunga Kenneth kilipiga pwani hii tarehe 25 Aprili 2019. Mashambulizi yaliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 yameua watu wengi, yakawahamisha wengine kwa maelfu na kuvuruga soko. Aliyefika na mzigo wake amefika na roho yake pia.

Kwa hiyo, kabla ya kukubaliana bei, wafanyabiashara wa pande mbili wapatane mambo matatu: tarehe ya kupakia, siku ambayo mwenzako hafanyi kazi, na nani wa kupigiwa simu chombo kikifika. Huyo wa mwisho asicheleweshwe, kwa kuwa nyumbani kuna watu wanaohesabu siku.