Kutoka Kasungami hadi kanisa kuu: makuta yanaishia wapi?

Familia ya mtaa wa Kasungami ikitaka kuutembea mji wetu wa Lubumbashi kwa siku moja, ina mambo manne ya maana ya kuchagua: kanisa kuu la Mtakatifu Petro na Paulo, jumba la makumbusho ya taifa, Jengo la Juni 30 na bustani ya wanyama. Kanisa haliuzi tiketi, na jengo unalitazama barabarani bila kulipa. Hata hivyo watu hurudi jioni mfuko ukiwa mtupu, maana gharama kubwa haiko mlangoni. Iko njiani na tumboni.

Tuanze na njia. Chukua baba, mama na watoto watatu. Wakipanda manseba, yaani pikipiki za abiria, mpaka barabara ya lami, kisha taksi-basi mpaka mjini, hizo ni nauli kumi za kwenda na kumi za kurudi, labda mmoja wa watoto apakatwe. Zijumlishe zote ishirini kabla ya kutoka nyumbani, halafu mwulize jirani mwenye taksi anataka ngapi kwa nusu siku. Kwa mtu mmoja au wawili, basi ndilo rahisi, hakuna mjadala. Kwa watano, hesabu inaweza kugeuka, hasa kati ya Novemba na Machi, mvua inapoharibu njia za mtaani na kila mwenye pikipiki akataja bei yake. Mimi ningengoja Juni au Julai: vumbi lipo, baridi ya asubuhi ipo, lakini nauli haipandi kwa sababu ya tope.

Kanisa kuu ndilo linalokupa kingi kwa bure. Mji ulianzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, na kanisa likajengwa karibu 1920, shaba ikiwa imeshaanza kuyeyushwa kiwandani. Mkuu wa misheni wakati huo alikuwa Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyeongoza Kanisa la Katanga mpaka alipofariki 1958. Huyo huyo aliandika, mwaka 1926, juu ya mafundi weusi waliochimba na kuyeyusha shaba hapa kabla ya Wazungu kufika. Usiende wakati wa Misa kama lengo lako ni kutazama. Waumini hawakuja kuonwa. Nenda siku ya kazi, uvae kwa heshima, uombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukiweza, utie kidogo katika sanduku la sadaka.

Ukitoka hapo, pesa ya kiingilio ipeleke makumbusho. Huko utaona misalaba midogo ya shaba, ile iliyokuwa fedha ya babu zetu, na ambayo mitatu kati yake iliwekwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga chini ya Moïse Tshombe 1960. Mtoto aliyesikia habari za de Hemptinne asubuhi ataielewa misalaba hiyo mchana, na hapo ndipo kiingilio kinapolipa. Kama kuna mtu wa kuwaongoza, mwulize bei yake mlangoni, msije mkaifahamu mkiwa mnatoka. Jengo la Juni 30, ambalo Claude Strebelle na wenzake walilijenga 1956 kama jumba la michezo ya kuigiza, litazame kwa nje tu.

Bustani ya wanyama ni habari nyingine. Watoto wataipenda kuliko yote, hilo tusidanganyane. Humo pia ndimo lilipo kimbilio la J.A.C.K., ambalo tangu 2006 linalea sokwe wadogo walionyang'anywa wafanyabiashara wa magendo. Lakini kiingilio ni cha kila kichwa, kisha inafuata soda, kisha biskuti, kisha soda tena. Ukiichanganya na makumbusho siku moja, utalipa viingilio viwili na watoto watalala kwenye cha pili. Ipe siku yake.

Tumbo sasa. Sahani ya bukari na samaki katika mkahawa wa katikati ya mji, mara watu watano, inaweza kumeza kuliko tiketi na nauli pamoja. Beba mandazi, karanga na maji kutoka nyumbani, na kama lazima mle michopo, mle mkisharudi upande wa mtaani. Tena, lipa kwa faranga. Penye bei ya dola, muuzaji anakadiria kiwango chake mwenyewe, na noti ya dola yenye mchaniko mdogo tu itakataliwa.

Uamuzi wangu: mwenye pesa kidogo achague kanisa kuu pamoja na makumbusho, kwa basi, siku ya kazi ya kiangazi, na chakula kwenye mfuko. Mwenye watoto wengi wadogo achague bustani ya wanyama peke yake, kwa taksi aliyoelewana bei yake usiku uliotangulia.