Fahamu: Chembe za fedha zinavyonaswa na hadubini
Chembe nano ya madini ya fedha ina upana wa nanomita 1 hadi 100. Hadubini ya kawaida hukwama kwenye nanomita 200 hivi, kwa hiyo umbo lake huchunguzwa kwa hadubini ya elektroni, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1931 na Ernst Ruska na Max Knoll. Upo ujanja mwingine, rahisi zaidi: chembe ikimulikwa kutoka pembeni chini ya hadubini ya kawaida hutawanya mwanga na kung'aa kama nyota, mara nyingi ya buluu, na mtafiti huifuatilia ikiingia kwenye seli hai.

Chembe hizi hutoa ioni za fedha, ambazo huharibu utando wa bakteria, ndiyo maana zimo kwenye bandeji za majeraha ya moto. Kunywa fedha ni hatari: maji yenye chembe za fedha yanayouzwa kama dawa hayajathibitishwa kutibu ugonjwa wowote, na yanaweza kuigeuza ngozi kijivu-buluu, na kwa kawaida rangi hiyo haiondoki.