Jenga mwamba wa bahari sebuleni mwako

Wengi wanaonunua tangi la samaki wa maji ya chumvi huanza na samaki. Humwona yule mdogo wa rangi ya machungwa mwenye mistari mieupe, watoto wakashangilia, na pesa zikatoka mfukoni siku hiyo hiyo. Mawe hufikiriwa mwisho, na hutupwa ndani ya tangi kama kifusi cha mjengo. Wiki mbili baadaye samaki anaelea ubavu na lawama zote zinamwendea muuzaji.

Mpenzi msomaji, iwapo unapanga kuweka tangi dogo nyumbani, anza na mawe. Katika maji ya chumvi jiwe si pambo tu. Ndani ya vitundu vyake huishi bakteria ambao hula amonia, ile sumu itokayo katika kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuivumilia kwa kiasi. Jiwe laini kama yai halina nafasi ya wapangaji hao. Tafuta lililotoboka-toboka.

Je, utalitoa wapi? Si baharini. Huko Malindi na Watamu, ambako mbuga za baharini zilianzishwa mwaka wa 1968, kung'oa matumbawe ni kosa, na biashara ya matumbawe magumu kati ya nchi na nchi hudhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa. Hata kama hakungekuwa na sheria, miamba yetu imeteseka vya kutosha. Joto la bahari la mwaka wa 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Haifai tuongeze msiba huo kwa ajili ya kupamba sebule.

Bahati nzuri ni kwamba pwani ina matumbawe mengine, yaliyokufa zaidi ya miaka 100,000 iliyopita na kuachwa nchi kavu bahari ilipopungua. Ndiyo mawe ya machimbo yaliyojengea Fort Jesus kuanzia mwaka wa 1593, na ndiyo yanayojenga nyumba za Kilifi na Kwale hadi leo. Vipande vinavyobaki machimboni vyafaa sana. Ukiwa na shaka, dondoshea siki juu ya jiwe. La matumbawe litatoa povu dogo. Jiwe la Ndarugo tulilolizoea Nairobi ni la volkano, nalo halitoi povu.

Tuchukue tangi la sentimita 50 kwa 30 kwa 30, yaani lita 45. Mawe ya kilo tano hivi yatatosha. Yasugue kwa brashi ngumu, uyaloweke kwenye ndoo kwa wiki mbili au tatu, ukibadilisha maji mpaka yasitoe tope tena. Usiyachemshe. Mawe yaliyotoka baharini huweza kuwa na viumbe ambao mvuke wao una sumu kali, na watu wamelazwa hospitalini kwa sababu hiyo.

Sasa kata katoni yenye vipimo vya sakafu ya tangi na ujengee hapo kwanza, mezani. Hapa usiwe na haraka. Tumia hata siku tatu. Acha nafasi ya sentimita tano au zaidi kati ya mawe na kioo kila upande, la sivyo hutaweza kufuta mwani unaoota kwenye kioo. Usipite thuluthi mbili za kimo cha tangi. Usijenge ukuta unaokwenda kutoka pembe hadi pembe. Maji hayazunguki nyuma yake na uchafu hulala hapo. Kinachopendeza, kwa maoni yangu, ni vilima viwili visivyolingana, kikubwa kikae kando kidogo ya katikati, na katikati yao njia ya mchanga. Toboa pango moja au mawili. Samaki asiye na pa kujificha huwa na wasiwasi daima, na mwenye wasiwasi huugua upesi. (Zile ngome za plastiki waachie wauzaji.)

Kipande kisichokaa vizuri kipasue kwa nyundo na tindo, ukiwa umevaa miwani. Mawe mawili yagusane mahali patatu kabla hujayaunganisha. Paka supagluu ile nzito kama jeli, nyunyizia unga wa mawe uleule, kisha ongeza gundi juu ya unga. Hushika kwa sekunde chache na hupata moto, kwa hivyo fanyia kazi hii nje, mbali na watoto. Unga uliobaki utaficha alama za gundi. Saruji nayo hufaa, lakini lazima iloweke kwa wiki kadhaa kwa sababu huyafanya maji kuwa makali. Usitumie waya wala misumari: chuma hushika kutu, na shaba huua kamba na konokono.

Kesho yake inua kilima kizima kwa kushika jiwe la juu na ukitikise. Kikikatika, shukuru kwamba kimekatikia mezani wala si juu ya kioo.

Mawe hutangulia tangini, mchanga hufuata. Ukiyaweka juu ya mchanga, kiumbe mchimbaji atafukua chini yake na mwamba utaporomoka. Kisha mimina maji safi yasiyo na klorini, yenye chumvi maalumu ya baharini gramu 35 kwa lita. Chumvi ya jikoni haina madini ya kutosha. Tangi likijaa litapita kilo 50, kwa hivyo meza iwe imara. Na kwa kuwa stima hupotea mitaani mwetu bila hodi, nunua pampu ya hewa ya betri. Bakteria wa mawe huhitaji hewa sawa na samaki.

Baada ya hapo utatazama maji matupu kwa wiki nne hadi sita. Tia chembe za chakula cha samaki ili bakteria wapate kuzaana, na upime mpaka amonia na nitriti zifike sufuri. Watoto watanung'unika. Samaki wa kwanza atakapoingia, zima taa. Ataingia pangoni na huenda asionekane hadi kesho yake.